Karani wa Majeruhi wa Desemba

Mwaka mzima mkono wa kushoto wa shati lake ulikuwa umekunjwa mara tatu na kubanwa kwa pini chini ya bega, umenyooka kama uliotoka kupigwa pasi wakati huo huo. Shati alilipiga pasi mwenyewe, kwa pasi ya mkaa, akilikandamiza kwa goti juu ya benchi. Siku moja tu katika mwaka aliitoa ile pini na kuuacha mkono mtupu uning'inie: siku ambayo wafadhili walikuja kutoka Dar es Salaam kuleta zawadi za Krismasi kwa wanajeshi waliojeruhiwa vitani na familia zao. "Leo na huu uko kazini," alisema kabla magari hayajafika, akiutikisa mbele yetu, na wazee walicheka. Mimi sikucheka. Niliketi safu ya nyuma, na ukiwa nyuma mambo hayo hayachekeshi.

Tulimwita Karani. Alizikwa Ijumaa, tarehe 9 Januari mwaka huu, na wasifu wake uliosomwa kaburini ulitaja kila kitu ambacho mimi sitakitaja: alikozaliwa, wazazi wake, shule aliyosoma, idadi ya wajukuu. Haukutaja orodha hata kwa neno moja. Kwa hiyo nitaitaja mimi.

Wakati wa vita vya Kagera alikuwa karani wa kombania. Mkono ulibaki huko, kalamu ilirudi naye, na kwa miaka yote niliyomfahamu alikuwa karani wa chama cha wapiganaji majeruhi wa upande wetu. Wafadhili walileta mifuko ishirini. Haikuwahi kufika ishirini na mmoja. Ndani ya kila mfuko mlikuwa na mchele, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni ya mche na blanketi. Majeruhi wa Songea na vijiji vyake, pamoja na wachache wa Tunduru, walikuwa wengi kuliko mifuko, wengi kwa mbali. Kila mwaka, basi, mtu mmoja alilazimika kukaa na kalamu na kuamua nani ameumia vya kutosha. Mtu huyo alikuwa yeye.

Kazi hiyo aliifanya Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeanza na watu wakipanda mahindi. Hakumwita mtu aje kwake. Alitoka kwake Maposeni kwa miguu, au amepakiwa kwenye pikipiki kama njia ilikuwa ndefu, kaunta buku la orodha likiwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya koti. Alikataa chai mpaka amalize. Kisha aliuliza swali lake, lile lile kwa kila mtu: "Kovu liko wapi?"

Watu walimwonyesha. Wanaume wenye wajukuu walipandisha suruali hadi gotini mbele ya wake zao. Alitazama, hakugusa, akaandika. Katika hilo hakuwa na dharau, lazima niseme kweli. Alilitazama kovu kama fundi cherehani anavyotazama nguo iliyochanika, ajue ukubwa tu.

Siku ya ugawaji, katika ukumbi wa parokia, alituketisha mwenyewe. Safu ya kwanza waliokatwa miguu. Ya pili waliokatwa mikono, na yeye mwishoni mwake, penye mwanga wa dirisha. Ya tatu wenye macho yaliyopofuka na nyuso zilizoungua. Nyuma kabisa, karibu na stoo ya viti, waliketi wale aliowaita majeruhi wa ndani, pamoja na familia zao, wakingoja kama kuna atakayekosa kufika ili mfuko wake upate mwenyewe mwingine. Mtu akilalamika alijibiwa kwa kifupi: "Kamera haiingii tumboni mwa mtu."

Maana kamera ndiyo iliyotawala siku ile. Kila mfuko ulipigwa picha ukiwa mikononi mwa mpokeaji, na picha zilirudi Dar es Salaam kuthibitisha kuwa sikukuu yetu imefika. Karani alituandaa kwa hilo kama askari wanavyoandaliwa kwa gwaride.

"Hakuna kulia," alisema. "Anayetaka kulia akalie kwake, tarehe ishirini na sita."

Na kwa pumzi ile ile: "Wewe, mzee, pandisha suruali kidogo. Wanaingia."

Sikuwahi kujua ni ipi kati ya kauli hizo mbili iliyotoka moyoni. Huenda zote. Mwaka mmoja binti wa wafadhili, mwenye kipaza sauti, alimwinamia na kumuuliza anajisikiaje.

"Vizuri sana, mwanangu," akasema. "Sisi majeraha yetu huanza tarehe ishirini Desemba. Januari hadi Novemba huwa tumepona."

Binti alitabasamu, akamwomba arudie kwa kuwa sauti haikunaswa vizuri. Akarudia neno kwa neno, kwa adabu ile ile, na safari hii hata mimi nilicheka.

Alikuwa mtu wa namna hiyo: anawauma wafadhili kwa meno ya mbele na kuwatumikia kwa mwili mzima. Mara moja alithubutu kuwaandikia kuwa Desemba kwetu ni mwezi wa palizi na mbolea, kwamba mkulima mwenye mguu mmoja hawezi kulima eneo kubwa na anahitaji eneo dogo lizae sana, na kwamba mfuko mmoja wa mbolea ungelisha nyumba hadi Krismasi nyingine, wakati mchele unaisha kabla ya Januari kuisha. Barua hiyo aliifanyia rasimu tatu. Jibu lilikuja kwa simu. Alitusimulia akiwa amesimama, uso mkavu.

"Wanasema mbolea haina sura ya sikukuu."

Hakuandika tena. Lakini tangu mwaka huo, walipomwomba atoe shukrani kwa niaba yetu, alishukuru kwa kusoma vitu vilivyomo ndani ya mfuko, kimoja kimoja, kama anayesoma hati ya mashtaka, kisha akaketi.

Wema wake ulikuwepo, nao ulikuwa wa vitendo. Palikuwa na mzee mmoja wa Tunduru, Mwislamu, aliyepofuka macho yote mawili. Alikuja kwa basi siku moja kabla na kulala kwa Karani. Karani, Mkatoliki wa kutokosa misa, alimpeleka kuku kwa jirani Mwislamu akachinjwe inavyopaswa, ndipo mkewe ampike. Hakumwambia mgeni, mgeni aliambiwa na jirani. Asubuhi yake, ukumbini, yule mzee alipapasa mfuko aliopewa akauliza kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Karani, hebu nieleweshe. Hii ni Krismasi yangu imewahi, au ni Idi yangu imechelewa?"

"Pokea mchele, mzee. Mchele hauna dini."

"Alhamdulillahi. Mwakani waulize kama na Ramadhani wanaijua."

Walicheka hao wawili kama vijana wa kambini. Tuliobaki tulitazama kamera.

Kwetu kitu hupokewa kwa mikono miwili. Mkono wa kulia hunyooshwa, wa kushoto ukiushikilia chini ya kiwiko. Kupokea kwa mmoja ni kumdharau mtoaji. Karani hakuwa na wa kushoto, na hakukubali udhuru huo. Zamu yake ilipofika, mkewe alisimama kando yake na kuweka mkono wake wa kushoto chini ya kiwiko cha mumewe, na kwa pamoja walipokea kwa mikono miwili. Mwaka mkewe alipolazwa hospitali, alinitafuta kwa macho hadi safu ya nyuma.

"Shemeji, njoo uniazime mkono."

Nilikwenda. Niliuweka chini ya kiwiko chake, tukapokea. Picha hiyo iliwekwa kwenye kalenda ya wafadhili. Mkono wangu umo, hadi kwenye pete ya ndoa. Mimi simo.

Aliniita shemeji kwa sababu alikuwa vitani pamoja na mume wangu. Mume wangu ninamtaja kwa jina, kwa kuwa jina lake ndilo ninaloliandikia haya: Koplo Osmund. Bomu liliangukia karibu na handaki lao. Waliokuwa kulia kwake walikufa. Yeye alitoka na miguu miwili, mikono miwili, macho mawili, na vipande vya chuma mgongoni ambavyo madaktari wa vita hawakuwa na muda wa kuvifuata. Ngozi ilijifunga, ikaacha alama ndogo ndogo. Mara ya kwanza Karani alipomuuliza kovu liko wapi, mume wangu alivua shati na kugeuka.

Karani alitazama kwa muda mrefu. "Osmund, hii mtu atasema ni tetekuwanga."

"Wewe unajua si tetekuwanga."

"Mimi ninajua. Mimi sileti mchele."

Desemba Songea ni mwezi wa radi. Radi ilipopiga, mume wangu alikuwa chini ya kitanda kabla mlio haujaisha, na watoto wetu wanne walikua wakiamini kwamba baba wote hufanya hivyo. Asubuhi zingine hakuweza kunyoosha mgongo hadi jua lipande. Hakuwahi kulalamika, na huenda hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. La pili ni langu.

Jumapili moja, tarehe 22 Desemba, ugawaji ukiwa Jumanne, Karani alifika kwetu Lizaboni saa kumi jioni akiwa na magongo mawili kwapani.

"Osmund, keshokutwa njoo na haya."

"Ya nani?"

"Ya chama. Mwenyewe amefariki. Utembee nayo kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, basi. Nimekuandika. Maofisa wa wafadhili watakuja kuhakiki orodha kesho, lakini keshokutwa wakikuona na magongo hawataniuliza."

"Miguu yangu mizima, Karani."

"Na mgongo je? Mgongo wako hauonekani, ndugu yangu. Ninakutafutia kinachoonekana."

Mume wangu alinitazama. Ndani hapakuwa na blanketi ambalo halijatoboka. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na kikohozi. Nilijua yote hayo, nikasema: "Mrudishie. Sisi si waigizaji."

Karani hakukasirika. Aliyaegemeza magongo ukutani. "Laleni nayo. Mtaamka mmeamua," akasema, akaenda zake.

Alfajiri mume wangu aliyaweka begani na kuondoka. Nilimwambia apande pikipiki. Alisema atakwenda kwa miguu, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilitaka Karani amwone akifika hivyo, wima, magongo begani kama bunduki. Kutoka Lizaboni hadi Maposeni ni mwendo wa asubuhi nzima. Alipoingia uani kwa Karani aliwakuta maofisa wawili wa wafadhili wameketi, wanapitia orodha. Aliyaweka magongo chini mbele yao.

"Nimekurudishia, Karani. Nimekuja kwa miguu."

"Ametokea wapi?" ofisa mmoja aliuliza.

"Lizaboni," mume wangu akajibu mwenyewe, kwa fahari.

Maofisa walitazamana. Karani alifungua kaunta buku mbele yao na, pembeni ya jina la Koplo Osmund, akaandika neno moja kwa herufi zake nzuri: Mzima.

Mume wangu alirudi kwa pikipiki ya kuomba, amelala kifudifudi mgongoni mwa dereva. Wiki tatu hakutoka kitandani. Krismasi hiyo aliisikia kwa kengele tu. Nami tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama Karani angeweza kuandika neno jingine mbele ya watu wale. Siku nyingine hujijibu hapana. Siku nyingi hujijibu kwamba angeweza kulifuta walipoondoka, na hakulifuta.

Neno lililoandikwa katika kitabu kile halikuwa dogo, kwa sababu Karani hakugawa mifuko hivi hivi. Aliita majina kijeshi, kwa cheo, na kila mmoja aliitika "Nipo!" Wazee wasioweza kusimama waliitika kwa sauti za vijana. Nimeona mtu aliyesahau majina ya watoto wake akiitika jina lake pale kabla halijamalizika kutamkwa. Mchele uliisha, kule kuitwa kulibaki. Watu walikusimulia mwezi wa sita namna walivyoitwa Desemba. "Asiyeitika hayupo," Karani alipenda kusema, na mume wangu, aliyekuwepo, hakuwahi kuitwa.

Nisimhukumu bila kusema jinsi alivyonifaa. Nilianza darasa la watu wazima nikiwa na miaka arobaini na mmoja, mama wa watoto wanne, nikiandika jina langu kwa kulichora. Karani alicheka hadi akashika mlango.

"Shemeji, unataka kuwa mkuu wa wilaya?"

"Nataka kusoma unachoandika," nikamjibu.

Aliacha kucheka. Wiki iliyofuata aliniletea kamusi isiyo na jalada, na kila alipopita Lizaboni alidai daftari langu na kulisahihisha kwa kalamu nyekundu, bila huruma. "Herufi hii imelewa. Isimamishe." Mwandiko nilio nao ni wake. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, nami nikiwa mtahiniwa binafsi mwenye mvi, alikuja kutoka Maposeni na kuku hai, akasimama mlangoni na kunipigia saluti kwa mkono wake mmoja mbele ya majirani. Siku hiyo nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja. Niliamini kwamba mtu wa namna hiyo, akielezwa jambo kwa ushahidi, atalirekebisha.

Mume wangu alifariki Jumanne, tarehe 9 Juni. Wiki mbili kabla, hospitalini, walimpiga picha ya eksirei, na daktari akanionyesha kwa ncha ya kalamu: vipande vitano vyeupe, kimoja kikiwa kimekaa kwenye uti wa mgongo kama kokoto kwenye kiatu. Baada ya matanga nilimpelekea Karani picha hiyo. Aliinyanyua dirishani.

"Kovu ndilo hilo," nikasema.

Alitazama kila kipande. Midomo yake ilihesabu. Kisha akairudisha ndani ya bahasha yake taratibu.

"Wafadhili hawapigi picha ya picha, shemeji."

"Sijaja kwa ajili ya mfuko. Nimekuja ufute neno 'mzima'. Na siku ya kuita, umwite."

"Marehemu haitiki."

"Nitamwitikia mimi."

"Wajane wana nafasi yao," akasema.

Nafasi yenyewe ilikuwa hivi. Alipomaliza kuita majina ishirini, alifunga kaunta buku na kusema, "Na wajane." Hapo tulisimama kwa pamoja, wanawake tisa au kumi, tukapewa kila mmoja mche wa sabuni. Hatukuitwa kwa majina yetu wala ya waume zetu. Kwa Krismasi tano nilisimama kwa maneno hayo mawili. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne sandukuni, na eksirei chini yake, na nilisimama kwa sababu nisingesimama ningekuwa sipo.

Mwaka jana, Alhamisi, tarehe 11 Desemba, aliniita. Kisukari kilikuwa kimemshika miguu na macho, na mkono wake mmoja ulikuwa umeanza kutikisika kiasi cha kutoweza kushika kikombe. Nilimkuta amelala chumba cha mbele, shati limepigwa pasi, pini mahali pake. Mkewe alinipokea vizuri, akaniletea chai na mihogo ya kuchemsha, akatuacha.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba, shemeji. Kalamu unayo?"

"Siku zote."

"Kaa uandike. Katika watu wote ninaowajua, mwandiko wako peke yake ndio hautaniaibisha."

Alinisomea majina kwa kichwa. Niliandika kumi na tisa. La ishirini lilikuwa lake. Daima alijiandika wa mwisho. Alipomaliza niliweka kalamu juu ya karatasi.

"Nina jina moja la kuongeza."

"Ninalijua. Mifuko ni ishirini."

"Kwa nini uliandika mzima?"

"Alitembea."

"Ulimwona alivyorudi?"

"Sikumwona alivyorudi. Nilimwona alivyofika." Alifumba macho. "Nawe ndiye uliyemtuma afike hivyo. Aliniambia."

Sikujua kama mume wangu alikuwa amemwambia. Chai ilikuwa inapoa, na nje mkewe alikuwa akipalilia mahindi. Nilisikia jembe likigonga mawe.

"Hata hivyo aitwe," nikasema. "Mara moja tu."

"Akiitwa amekula nafasi ya mtu. Wao wanahesabu majina na mifuko, hawajui zaidi. Unadhani mimi nilifurahia? Kila mwaka niliandika ishirini na kuzika waliobaki." Aligeuza uso kunielekea, ingawa sidhani kama aliniona. "Kalamu unayo wewe leo. Mwandike. Lakini futa mmoja. Soma majina hayo, uchague."

Niliyasoma. Wa kwanza hana miguu yote miwili na analea wajukuu watatu. Wa tano ni yule mzee wa Tunduru. Wa kumi na moja binti yake anamlisha kwa kijiko. Nilishuka mmoja mmoja, na kila mmoja nilimjua, na kwa kila mmoja nilielewa kwa nini Karani alikuwa mtu wa namna ile. Nilifika wa ishirini. Kalamu haikusita. Nilipiga mstari mmoja ulionyooka, kama alivyonifundisha, na chini yake nikaandika: Koplo Osmund, majeruhi.

"Nisomee," akasema.

Nilisoma kutoka juu, kwa vyeo, kwa sauti ya kutosha. Kwa kila jina alitikisa kichwa kidogo. Baada ya la kumi na tisa nilisoma la mume wangu, nikanyamaza. Alingoja. Akaendelea kungoja. Kisha nikaona ameelewa.

"Sawa," akasema. "Hapo sasa umekuwa karani."

Orodha niliipeleka Jumatatu, tarehe 15, kama ilivyokuwa.

Ugawaji ulikuwa Jumanne, tarehe 23. Majina yaliitwa na kijana wa wafadhili, asiyejua vyeo, akisoma mbio kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na walikuwa na safari. "Osmund!" akasema, bila Koplo. Nikasimama. "Nipo!" Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Watu wa safu ya mbele waligeuka. Mfuko ulikuwa mikononi mwangu, kamera ikamulika, na kijana alikuwa amekwisha kusema, "Asanteni sana." Ilichukua muda wa kumeza mate. Nilikuwa nimeingoja kwa miaka, na ilipokwisha nilimsikia mzee wa Tunduru nyuma yangu akiuliza, "Mbona Karani hakuitwa? Karani yuko wapi?" Mimi niliyekuwa na jibu niliinama kukaza fundo la mfuko.

Siku ya Krismasi, baada ya misa ya pili, nilikodi pikipiki hadi Maposeni na mfuko ule mapajani. Sikuwa nimeufungua. Nilibisha hodi. Mkewe alitokea, akasimama mlangoni, akautazama mfuko wenye nembo ya wafadhili, akanitazama mimi. Wiki mbili kabla alikuwa ameniletea mihogo. Nilimnyooshea mfuko kwa mikono miwili. Mikono yake ilibaki ndani ya khanga.

"Weka hapo, dada," akasema.

Niliuweka kizingitini. Kutoka chumba cha mbele sauti ya Karani ikauliza, dhaifu lakini bado ya kijeshi, "Nani huyo?"

Mkewe hakuniondolea macho.

"Watu wa msaada," akamjibu.